Tupige Soga na Serikali

Ipo nchi moja, wenyewe huiita Shwari, ambako tangu uhuru hakuna raia aliyewahi kupeleka malalamiko serikalini, kwa sababu fomu za malalamiko bado zinachapishwa. Katika nchi hiyo aliishi Sikitu Nambunga, fundi sauti wa Redio ya Taifa, na haya ndiyo yaliyomkuta mwaka ule serikali ilipoamua kuwa changamfu.

Sikitu alikuwa mjane wa miaka arobaini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo aliipitisha kazini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Riziki yake ilikuwa masikioni. Ukimletea hotuba ya mkubwa yenye kikohozi katikati, alikichomoa kile kikohozi kama fundi cherehani achomoavyo uzi, na msikilizaji asijue palipofumuliwa wala palipoungwa. Wakubwa walimpenda kwa hilo. Wakipita mikononi mwake walikuwa hawakohoi, hawababaiki, wala hawasahau jina la mkoa walioutembelea. Waziri mmoja mwenye kigugumizi alipata kuisikiliza hotuba yake mwenyewe redioni, machozi yakamtoka, akamwambia mkewe, "Kumbe ndivyo ninavyoongea."

Sasa, kila mwaka Wizara ya Mazungumzo iliandaa Kongamano Kuu la Taifa katika ukumbi wa watu mia nane, na kila mwaka watu mia nane walilala. Mwaka uliotangulia, salamu za Rais zikisomwa, mkuu wa mkoa mmoja alikoroma kwa sauti iliyonaswa vizuri kuliko salamu zenyewe. Tume ikaundwa. Ikazunguka nchi miezi mitano ikiwauliza wananchi kwa nini viongozi wao wanasinzia, ikarudi na ripoti ya kurasa mia tatu, nayo ikasomwa kwenye kikao ambacho wote walisinzia.

Aliyegundua dawa ni Katibu Mkuu wa wizara hiyo, Dakta Fulgensi Makombe, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kukaribishia watu futari. Alikuwa amehudhuria mkutano ng'ambo, akaona ajabu. Badala ya mtu mmoja kusimama na kusoma karatasi, watu wawili walikaa jukwaani kwenye makochi, wamevaa hedifoni, wakaongea kama majirani waliokutana kibarazani, na maneno yao yakawa yananaswa palepale mbele ya hadhira ili wasiokuwepo nao waje wayasikilize. Watu walicheka. Mmoja alifuta machozi. Hakuna aliyelala. Dakta Makombe alipouliza jambo lile linaitwaje, akaambiwa ni podikasti inayorekodiwa mubashara. Akaliandika neno hilo kwenye daftari, akarudi nalo nyumbani kama mtu aliyefunga mbegu kwenye pindo la nguo.

Haikupita wiki tatu ukatoka Waraka wa Uchangamfu. Ulisema kongamano la mwaka ule halitakuwa na hotuba, litakuwa na soga. Kipindi kitaitwa "Tupige Soga na Serikali" na mwendeshaji atakuwa Katibu Mkuu mwenyewe. Tai italegezwa kwa nusu inchi, kwa kibali cha maandishi. Mwendeshaji anaweza kumkatiza mgeni. Mgeni hamkatizi mwendeshaji. Maneno ya mitaani yameruhusiwa matatu: la kwanza "mambo", la pili "poa", na la tatu lilikuwa bado linajadiliwa na Baraza la Mawaziri. Na kwa kuwa soga haiwi soga bila kicheko, hadhira itacheka, ikianzia safu ya mbele kwenda nyuma kwa kufuata vyeo, ikiongozwa na taa tatu zilizofungwa juu ya jukwaa. Ya kijani ni kucheka, ya njano ni kuguna kwa huzuni, nyekundu ni kunyamaza. Taa zenyewe ziliunganishwa na saa, ili kicheko cha taifa kisitegemee hisia za mtu.

Ibara ya mwisho ilikuwa fupi, na Sikitu aliisoma mara mbili. Ilisema kwamba muhtasari wa maandishi umefutwa, na kuanzia sasa podikasti ndiyo kumbukumbu rasmi ya kongamano. Kilichomo ndani yake kimetokea. Kisichomo hakikutokea.

Dakta Makombe alimwita ofisini amweleze uzito wa kazi. "Bibi Nambunga," alisema, "serikali imeongea na wananchi miaka yote hii ikiwa imesimama. Umefika wakati iongee nao ikiwa imekunja nne." Sikitu akajibu kwamba atahitaji vipaza sauti viwili vipya. Akapewa kimoja, na barua ya pongezi badala ya cha pili.

*

Mada ya soga ya kwanza ilikuwa shukrani. Miezi minane kabla, ukuta wa Bwawa la Fadhila ulipasuka alfajiri, na maji yakauingia mji mdogo wa Mkungwala watu wakiwa bado vitandani. Serikali ilitangaza kwamba wamekufa wanne. Walikuwa wanne kwa sababu ya msingi kabisa ya kiutawala: fomu ya maafa ya watu wasiozidi wanne husainiwa na mkuu wa wilaya, lakini wakifika watano husainiwa na Rais, na wiki ile Rais alikuwa mapumzikoni. Basi wakafa wanne. Wafu waliozidi hapo waliandikwa kwamba wamehama makazi bila kutoa taarifa, wakatumiwa barua za onyo.

Mgeni wa soga alikuwa mwanamke wa huko Mkungwala, jina lake Nyamizi. Wilaya ilimchagua kwa sababu picha yake akipokea blanketi la msaada ilikuwa imetoka vizuri. Alifundishwa maneno ya shukrani siku kumi, na mwalimu wake aliripoti kwamba ameyashika barabara, hana shida.

Asubuhi ya kongamano Sikitu alimkuta nyuma ya jukwaa, amekaa wima kwenye kiti cha plastiki, amejifunga kanga ya wizara ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na ushei. Sikitu akamwamkia, akainama, akambana kipaza sauti kwenye ukosi wa gauni, akamvisha hedifoni, kisha akamwomba kama amwombavyo kila mgeni ili apime sauti: aseme amekula nini asubuhi.

"Chai na kitumbua," Nyamizi akasema. "Walinipa viwili. Cha pili nimekifunga." Akagusa kifurushi cha karatasi mapajani, akaonekana kuona haya kidogo. "Nimezoea kufunga cha pili."

Sikitu hakuuliza alikuwa akimfungia nani. Akageuza vidude vyake. Yule mama akauliza kama mashine ile inatunza maneno, na Sikitu akasema inatunza. Akauliza mle ndani kuna watu wangapi. Mia nane, mama. Nyamizi akakunja vidole kama mtu anayepiga hesabu ya chakula na wageni.

"Na wa nyuma kabisa, watanisikia?"

"Wa nyuma watakusikia sawa na wa mbele," Sikitu akamjibu. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

*

Saa nne kamili Dakta Makombe alipanda jukwaani, tai imelegea nusu inchi, akaketi kwenye kochi jekundu na kuutazama ukumbi kwa upendo. "Mambo," akasema. Safu ya mbele ikajibu "poa", ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu, na lile "poa" likachukua dakika moja na nusu kufika nyuma kwa makarani.

Soga ikaanza vizuri. Dakta Makombe alimtaka mgeni aeleze blanketi lilikuwa la rangi gani. La kijivu. Taa ya kijani ikawaka, watu wakacheka. Lilikuwa zito? Lilikuwa zito. Wakacheka tena. Nani alimkabidhi? Mkuu wa wilaya, kwa mikono yake miwili. Hapo taa ikawa ya njano, na watu mia nane wakaguna kwa huzuni, kwa sababu mtu wa kufunga taa alikosea dakika moja. Nyuma ya ukumbi, kwenye meza yake ya mitambo, Sikitu alisikiliza kwa hedifoni na kuona kwamba sauti ya yule mama haikutetemeka hata kidogo. Alishawasikiliza watu wengi wanaosema walichofundishwa. Sauti zao huwa nyembamba. Hii ilikuwa nene.

Ilipofika dakika ya kumi na moja Dakta Makombe alijiegemeza, akamwambia mgeni sasa aongee kwa maneno yake mwenyewe, yaliyokuwa ukurasa wa nne.

"Naomba nitaje majina," Nyamizi akasema.

Dakta Makombe alifurahi. Kuwashukuru viongozi kwa majina kulikuwa kumeruhusiwa na ibara ya tisa. Akakunja nne upya. "Yataje, mama. Yataje yote, usimwache hata mmoja."

Nyamizi akavuta pumzi. "Mihayo Lugendo, mume wangu, miaka hamsini na minane. Shija Mihayo, mwanangu, miaka kumi na tisa. Limi Mihayo, mwanangu, miaka kumi na miwili, alilala chumba cha uani. Nyumba ya pili: Mwalimu Kasoga, na mkewe Holo, na mtoto wao wa siku tisa, alikuwa hajapewa jina."

Akaendelea hivyo, nyumba kwa nyumba, kama mtu anayepanda mtaa kutoka mtoni akibisha hodi kila mlango. Jina, umri, alipokuwa amelala. Dakta Makombe alitabasamu mpaka jina la saba. Kisha akatumia haki yake ya kukatiza. "Poa," akasema. Nyamizi akaendelea. Akamkatiza tena: "Mambo." Nyamizi akaendelea. Na kwa kuwa neno la tatu lilikuwa bado Baraza la Mawaziri, Katibu Mkuu hakuwa na la kusema tena.

Ukumbini hakuna aliyelala. Hilo lazima lisemwe, kwa maana ndilo lililokuwa lengo la waraka.

Nyamizi alikuwa amefika jina la ishirini na tatu ilipotimia dakika ya kumi na nane, na saa, ambayo haikujua anachosema, ikawasha taa ya kijani. Watu waliitazama taa. Wakatazamana. Kisha katika safu ya mbele mtu mmoja akacheka, wa pembeni yake naye akacheka asije akaonekana hakucheka, na kicheko kikaanza kushuka safu kwa safu, cheo kwa cheo, mpaka kwa makarani. Waliokuwa wanalia walicheka huku wanalia, kwani waraka haukukataza. Nyamizi alisita kidogo, akainua macho, akapaza sauti kama mtu anayeongea mvua ikipiga bati. Taa iliwaka sekunde arobaini. Hakuna aliyethubutu kumaliza kabla yake.

Ofisa itifaki akaja mbio mpaka kwenye meza ya mitambo, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Sikitu. "Shusha," akamwambia.

Sikitu aliutazama ule mkono. Alifikiria nyumba ya shirika aliyokaa, akafikiria miaka kumi na tisa, akafikiria na watu aliowahi kuwajua ambao siku moja hawakuja kazini na viti vyao vikapewa watu wengine bila maelezo. Jina la ishirini na saba lilipokwisha, akashusha.

Spika za ukumbi zikanyamaza. Lakini sauti ya ndani ya hedifoni za Nyamizi Sikitu aliiacha kama ilivyo, na mashine nayo aliiacha inase. Hata yeye mwenyewe asingeweza kueleza kwa nini. Basi yule mama akawa anajisikia vizuri masikioni, akadhani na ukumbi unamsikia, akaendelea. Watu waliona midomo tu. Katibu Mkuu kochini na safu ya kwanza wangeweza kumsikia kwa masikio ya kawaida, lakini wakubwa hawakufika pale kwa kutumia masikio. Majina kumi na manne ya mwisho yaliingia kwenye masikio mawili tu nje ya yale ya Nyamizi, na yalikuwa ya Sikitu. Alipofika la arobaini na moja, yule mama akafunga mikono mapajani. "Basi," akasema. "Blanketi nimelipokea. Ahsanteni."

Taa nyekundu ikawaka. Ukumbi ukanyamaza, ingawa ulikuwa umenyamaza tayari.

Nyuma ya jukwaa Sikitu alimfungua kipaza sauti. Mikono ya Nyamizi ilikuwa ya baridi, ila uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

"Nimewasema wote?"

"Umewasema wote, mama."

"Na wamesikia?"

Sikitu alizungusha waya mkononi, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili. "Wamesikia," akasema.

Nyamizi akamkamata mkono, akauminya, akauachia. Wakaja wanaume wawili wenye suti nzuri na adabu nyingi, wakamwambia Katibu Mkuu anataka kumshukuru yeye binafsi kwenye chumba cha mapumziko cha wageni mashuhuri, na njia ni ya mlango wa nyuma. Akachukua kifurushi chake cha karatasi, akawafuata.

*

Kesho yake Dakta Makombe alikuja mwenyewe studio. Hakuwa na hasira; alikuwa na majonzi ya baba aliyeangushwa na mtoto. Alieleza kwamba serikali haimfuti mtu yeyote. Ila sauti, kama mwili, hupata majeraha, na pale palipo na jeraha daktari lazima akate. Akataja dakika za kukatwa, akaketi nyuma ya Sikitu, akasubiri huku anakula karanga.

Sikitu alikata tangu asubuhi mpaka alasiri. Wasioijua kazi hii hudhani kukata sauti ni kubonyeza mara moja. Ili jina litoke bila kuacha kovu, fundi hulisikiliza mara nne, mara tano: linapoanza, linapoishia, pumzi iliyo kabla yake, pumzi iliyo baada yake. Kwa hiyo kila alichokitoa kwenye mashine kilikuwa kimekwisha kuingia kichwani. Mihayo Lugendo. Shija. Limi, chumba cha uani. Mtoto wa siku tisa. Kufikia alasiri mashine ilikuwa nyeupe, na Sikitu alikuwa amejaa.

Makapi yaliyobaki yakafutwa mbele ya mashahidi watatu, nao wakasaini kwamba hawakuona kilichofutwa.

Podikasti iliyotoka ilikuwa ya dakika ishirini na sita. Ndani yake mtu mmoja anauliza maswali, hajibiwi, na watu wanacheka. Ilisifiwa mno. Shule ziliamriwa kuisikiliza, na nchi jirani zilituma wajumbe waje kujifunza jinsi teknolojia inavyoweza kuuhuisha mkutano. Dakta Makombe alipewa nishani ya Mchangamfu wa Daraja la Kwanza.

Na kwa kuwa Nyamizi hakuwemo ndani ya podikasti, hakuwa amekuja. Kwa kuwa hakuwa amekuja, hakukuwa na haja ya gari la kumrudisha.

*

Dada yake Nyamizi aliitwa Bi Kwangu, mkubwa kwake kwa miaka saba, mama mwembamba mwenye hatua ndefu. Alisubiri Mkungwala wiki mbili, kisha akafunga safari. Alianzia nyumba ya wageni alikolazwa Nyamizi, ambako daftari lilionyesha kwamba siku zile chumba chake kilikuwa kinapakwa rangi. Akaenda wizarani. Walimpokea kwa heshima, wakampa kiti, wakamwekea podikasti. "Sikiliza tangu mwanzo," wakamwambia. "Ukimsikia mdogo wako, nyoosha mkono." Bi Kwangu alisikiliza dakika ishirini na sita, mkono wake mapajani. Akaenda ofisi ya pili, wakamwekea. Ya tatu, wakamwekea. Polisi, inspekta mmoja mwenye huruma alimwagizia chai kabla ya kumwekea, halafu akamfafanulia sheria: mtu hatafutwi alipopotelea ikiwa hakufika hapo alipopotelea. Arudi akatafute Mkungwala. Akafungua daftari la Mkungwala, akakuta mdogo wake amehama makazi bila kutoa taarifa, akamkabidhi Bi Kwangu barua ya onyo ampelekee.

Lakini yule mama alikuwa amekwisha kusikiliza podikasti ile mara nne, na mwishoni mwake, baada ya muziki, sauti ya msichana husema: fundi sauti, Sikitu Nambunga. Bi Kwangu akaona kwamba katika dakika zote zile hilo ndilo jina pekee la mtu anayeweza kuulizwa. Akauliza Redio ya Taifa iko wapi, akaenda kwa miguu.

Sikitu aliitwa getini saa za chakula cha mchana. Wakakaa kwenye benchi la wageni, mlinzi akiwa hatua tatu, amegeukia upande mwingine kama mtu anayesikiliza sana. Bi Kwangu hakuwa na picha wala karatasi.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikuombi kikubwa. Mdogo wangu alikuwepo au hakuwepo?"

Kwa siku ishirini Sikitu alikuwa ameshindwa kula. Majina yalikuwa yakimjia akiosha vyombo, akipanda ngazi, akichana nywele, kila moja na umri wake. Alimtazama mlinzi, akayatazama mageti.

"Alikuwepo," akasema.

"Alikula?"

"Chai na kitumbua. Alipewa viwili, cha pili akakifunga."

Bi Kwangu akajifunika uso kwa ncha ya kanga, akatikisika mabega bila sauti. Alipojifunua akasema tangu Limi azaliwe Nyamizi hajawahi kumaliza kitumbua cha pili.

Siku ileile Sikitu alikwenda polisi, akatoa maelezo. Alisema mgeni alifika, alisema alichokisema, aliondoka na wanaume wawili kwa mlango wa nyuma. Inspekta mwenye huruma aliandika mpaka alipofika neno "nilimsikia", akaweka kalamu chini. Alisema hapo pana tatizo, si la jinai, la kiafya. Mtu anayesikia kisichomo kwenye kumbukumbu rasmi ana ugonjwa, na serikali haimwachi mgonjwa.

Jopo la madaktari wa masikio liliketi siku mbili baadaye. Mwenyekiti wa jopo alimuuliza Sikitu kwa sauti ya kawaida kama anamsikia. Sikitu akajibu anamsikia vizuri. Mwenyekiti akawageukia wenzake, akasema mgonjwa hajasikia swali. Akapewa cheti kwamba ni kiziwi wa masikio yote mawili, na kwamba amekuwa hivyo kwa miaka kumi na tisa. Kwa hiyo maelezo yake polisi yalibatilika, pamoja na yote mengine aliyowahi kudai kuyasikia akiwa kazini, na nyumba ya shirika ikachukuliwa, kwani hailingani na kanuni fundi sauti kuwa kiziwi.

Dakta Makombe alimfanyia sherehe ndogo ya kumuaga. Alimsifu kwa saa nzima kama mwanamke shujaa aliyelitumikia taifa bila kusikia hata neno moja, akawaasa vijana waige mfano huo. Na soga ya pili ya serikali, alitangaza, ingekuwa kuhusu watu wenye ulemavu. Sikitu alialikwa awe mgeni. Hakujibu, na wote wakaelewa kwa nini.

*

Aliuza kabati na kitanda, akafuatana na Bi Kwangu. Walisafiri siku mbili. Mkungwala ilikuwa mji wa mtaa mmoja mrefu unaopanda kutoka mtoni, na kwenye kila ukuta uliobaki palikuwa na mstari wa tope kavu, usawa wa kifua cha mtu mzima. Chini ya ule mstari hakuna aliyekuwa amepaka rangi tena.

Watu walikusanyika sebuleni kwa Bi Kwangu mchana, baada ya swala na baada ya misa, kama ishirini hivi, wengine kwenye mkeka, wengine wamesimama mlangoni. Bi Kwangu akawaambia huyu ndiye aliyekuwa na Nyamizi siku ile. Wakampa pole ya safari, wakampa maji. Sikitu akawasimulia tangu kitumbua. Alipofika kwenye majina akayataja ishirini na saba kwa mpangilio wake, nyumba kwa nyumba, na watu wakawa wanaitikia kwa vichwa. Hakuwa anawaambia jipya. Waliwajua wafu wao. Wasilolijua ni kama kuna mtu huko mbali aliyepata kuwasikia.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza hilohilo. Alitaka kujua watu wale mia nane walifanya nini walipoambiwa.

Sikitu alijua namna ya kulishona jibu hilo. Miaka kumi na tisa hakuwa amefanya jingine. Angeweza kutoa sekunde arobaini na kuunga ncha mbili, na hakuna ambaye angegundua. Hata Nyamizi alimshonea, nyuma ya jukwaa, waya ukiwa mkononi. Aliitazama mikono yake.

"Walicheka," akasema. "Taa iliwaka, wakacheka. Wengine walikuwa wanalia, lakini walicheka. Alipofika jina la ishirini na saba nikaambiwa nishushe sauti, nikashusha. Waliobaki hawakusikiwa na mtu. Yeye hakujua. Aliniuliza kama wamesikia, nikamwambia ndiyo."

Mwanamke mmoja alinyanyuka, akatoka nje, wakamsikia akitapika kando ya ukuta. Mzee wa mlangoni alimkazia macho Sikitu kwa muda mrefu, kisha akaangalia pembeni. Sikitu alifikiri sasa watamfukuza, na katika moyo wake aliona ingekuwa haki. Akaanza kutafuta viatu vyake kwa macho.

Bi Kwangu alikuwa amekaa mbele yake kwenye kigoda, viwiko magotini.

"Ulishusha ukiwa umefika kwa nani?" akauliza.

"Kwa Ng'wandu, fundi baiskeli. Wa ishirini na saba."

"Na unawakumbuka waliobaki?"

"Wote."

Bi Kwangu akavuta kigoda mbele, magoti yake yakakaribia kugusana na ya Sikitu. "Basi hao ndio hawajasikiwa," akasema. "Wataje. Na usishushe."

Sauti ya Sikitu ilitoka ndogo mwanzoni. Hakuwa amezoea kuisikia. Akaipandisha mpaka ikawafikia waliosimama nje.

"Kabula Maganga," akasema, "miaka sita. Nyumba ya pembeni ya kisima, alilala na bibi yake."

Mwanamume mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo ya mlango tangu mwanzo, ambaye hakuwa amekubali kuketi wala kupokea maji, akavua kofia.

"Huyo ni wangu," akasema, akaingia ndani, akakaa chini.

Sikitu akangoja mpaka alipokaa vizuri, kisha akamtaja wa ishirini na tisa.